Vijana wasidharau gitaa kuukuu la umeme

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaambie vijana wa Malindi wanaojifunza muziki kwamba gitaa la umeme la zamani, likiwa zima, ni ununuzi bora kuliko jipya la bei hiyohiyo. Inaniuma kuona bendi zilizokuwa zikitumbuiza kwenye hoteli zetu za ufuoni zikiuza ala zao kwa bei ya kutupa, huku kijana akijikusanyia pesa za gitaa jipya kwa sababu tu linang'aa.

Sisemi juu ya yale ya Fender yaliyoundwa kabla kampuni hiyo haijanunuliwa na CBS, shirika la utangazaji la Marekani, mwaka 1965, wala ya Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, ya miaka ya 1950, kwani hayo yamekuwa mali ya matajiri. Nasema juu ya magitaa ya miaka ya 1970 na 1980, hasa yaliyotengenezwa Japani, yakiwemo ya Yamaha na yale ya Fender yaliyoanza kuundwa huko mwaka 1982. Wengi huyasifu kwa sauti, na sauti ni jambo la sikio la mtu. Mimi natazama shingo kwanza. Ubao uliokaa miongo kadhaa umekwisha kukauka na kutulia, na kama ulikuwa na tabia ya kupinda, umekwisha kuionyesha, jambo ambalo maseremala wa milango kule Lamu hawahitaji kuelezwa. Shingo mpya iliyotoka kiwandani juzi bado haijajaribiwa na unyevu wa pwani yetu.

Hata hivyo, mnunuzi asilipe kabla ya kukagua. Chumvi ya bahari hula skrubu, daraja la nyuzi na vifunguo vya kukazia, na hivyo hubadilishwa bila taabu kubwa. Lakini chuma kilichomo ndani ya shingo, kinachozungushwa ili kuinyoosha, kikigoma kuzungushwa, aliache gitaa hilo. Alichomeke kwenye amplifaya azungushe kila kitufe: mkwaruzo mara nyingi ni uchafu tu unaosafishika, ilhali pikapu, yaani kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi, ikiwa kimya kabisa huenda waya wake umekatika, na kuusuka upya ni kazi ya fundi hodari.

Nawaomba wenye bendi wanaotaka kuuza wawape vijana wa hapa nafasi ya kwanza, kabla ala hizo hazijachukuliwa na wanunuzi wa mbali.

Mpiga gitaa,
Malindi