Risala ya Wakazi kwa Mgeni wa Heshima: Fleti, Kanisa na Siku 60

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwakilishi Wadi wetu, Chifu, wachungaji na mashehe mliofika, wenyeviti wa mitaa jirani, wazee wetu, kina mama, vijana na watoto: itifaki yote imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha salama. Sisi wakazi wa kota hizi za Buruburu tunakukaribisha kwa mikono miwili, Mheshimiwa. Tunajua Jumamosi ni siku ya familia yako, na tunajua mialiko ni mingi. Miaka iliyopita tulizoea kuletewa mwakilishi wa mgeni, akasoma salamu zake na kuondoka kabla ya chakula. Wewe umekuja mwenyewe, na heshima hiyo hatutaisahau. Tunakuomba utuvumilie mpaka mwisho wa risala hii, maana jambo lenyewe liko huko mbele.

Kuhusu historia hatutakuchosha. Buruburu ilijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, ikakusudiwa iwe makao ya familia za wafanyakazi wa jiji. Wazee unaowaona kwenye safu ya mbele walizilipia nyumba hizi kwa kukatwa mishahara mwezi baada ya mwezi, wengine mpaka wakastaafu. Chama chetu kilianza kwa sababu ya wizi wa usiku. Majirani walichanga, wakajenga lango, wakaajiri bawabu. Mengine yote yaliyofuata yalitokana na lango hilo.

Mafanikio ni mengi na tunajivunia kila moja. Lango sasa ni la chuma na lina taa. Tumepanda miti pande zote mbili za barabara ya kuingilia, na mingi imeshika. Takataka huondolewa kila juma bila kukosa, jambo ambalo mitaa mingi ya Eastlands hutuonea wivu. Vijana wetu walifika fainali ya kombe la wadi, na tunaamini kikosi hicho kitatoa mchezaji wa taifa. Kina mama wana chama cha kuweka na kukopa ambacho kimewasomesha watoto wa shule za upili, na leo hakuna mtoto wa kota hizi aliye nyumbani kwa kukosa karo. Haya yote tumeyafanya kwa mifuko yetu wenyewe. Tunakutajia ili ujue kwamba unazungumza na watu ambao hawasubiri kufanyiwa kila kitu.

Mheshimiwa, hayo yametosha. Sasa tuje kwenye lililotufanya tukualike wewe hasa, unayeketi kwenye meza inayokagua na kupitisha ramani za ujenzi.

Mtaani kwetu kuna vibao viwili vya kutangaza maombi ya kujenga. Cha kwanza kiko kwenye ploti ya kona linakosali kanisa. Kibao hicho ni kikubwa, kimepakwa rangi, kinatazama barabara, na hata mtoto wa darasa la nne anakisoma akienda shule. Cha pili kiko pale nyumba mbili zilipounganishwa na ua wa katikati ukavunjwa. Hapo panaombwa kujengwe fleti za ghorofa nane, na maduka chini. Kibao hiki kimefungwa kwa waya upande wa ndani wa ukuta, kinatazama ploti yenyewe. Aliyekigundua ni mama mboga wetu, alipoingia kutafuta mahali pa kufunga kamba ya mwavuli wake. Karatasi ilikuwa imeanza kufifia kwa jua na ilibidi vijana waimulike kwa simu ndipo tukaisoma.

Tuanze na kanisa, kwa kuwa kuna maneno yanayosambazwa kwamba chama hiki kinapiga vita nyumba ya Mungu. Si kweli. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu, na wanakamati wetu kadhaa ni waumini wa kanisa hilo hilo. Kwa muda mrefu waumini wamesali kwenye banda la mabati, mvua ikinyesha mahubiri hayasikiki. Wanastahili jengo la kudumu. Tena mchungaji alitufanyia jambo ambalo tungependa liwe mfano kwa kila anayetaka kujenga hapa: alikuja kwetu na ramani zake, akazitandaza mezani chini ya mti, akajibu maswali mpaka giza likaingia. Tulimwonyesha kwamba lango lake lingemwaga magari mahali watoto wanapovukia. Akakubali lihamishiwe upande wa pili. Tukamwomba magari ya waumini yaegeshwe ndani ya ploti, akakubali pia. Kuhusu vipaza sauti vya kesha hatukumaliza; alisema ni lazima awaulize wazee wa kanisa, na mpaka leo hatujapata jibu.

Kwa hivyo msimamo wetu ni kwamba kanisa lipewe kibali, na makubaliano hayo yaandikwe ndani ya kibali chenyewe kama masharti, pamoja na saa za mwisho za vipaza sauti. Mchungaji tunamwamini. Lakini wachungaji huhamishwa, na atakayekuja baadaye hatakuwa na habari ya maneno yaliyosemwa chini ya mti. Sharti lililoandikwa kwenye kibali halihami na mchungaji.

Fleti ni habari nyingine. Mwenye ploti hatujamwona. Tunamjua kupitia kwa mlinzi wake, ambaye naye ana maagizo ya kutosema. Hatupingi nyumba, Mheshimiwa, na tungeomba hilo liandikwe wazi kwenye kumbukumbu zenu. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu milioni 4.4 Nairobi, na watu hao wanataka mahali pa kulala. Watoto wetu wenyewe wameoa na kuolewa, wanapanga mbali kwa kuwa hapa hakuna nafasi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja haki ya makao. Lakini kifungu hicho hicho, kwenye mstari huo huo, kinataja pia viwango vinavyofaa vya usafi, na hapo ndipo kilio chetu kilipo.

Bomba la maji taka linalopita chini ya kota hizi lililazwa kwa hesabu ya familia moja kwa kila nyumba. Tangu wakati huo kila mtu ameongeza chumba mbele au nyuma, na bomba ni lile lile. Mvua za Aprili 2024 ziliposhuka, mfuniko wa manholi ulio mbele ya kota ya pili uliinuka, na maji taka yakaingia jikoni kwa bibi mmoja anayeishi peke yake. Vijana walibeba jiko lake, friji na magunia ya unga wakayapeleka kwa jirani. Alipika kwa jirani mpaka kukauka, na ukuta wake bado una mstari mweusi kwenye kimo cha magoti. Baada ya hapo tuliweka jiwe kubwa juu ya mfuniko ili usiinuke tena. Jiwe liko pale hadi leo, hatua chache nyuma ya hema hili. Tunakuomba, kabla hujaingia garini, upite ukalione. Kisha ujiulize ghorofa nane za vyoo na mabafu zitaelekezwa wapi, ikiwa mbele ya bomba hilo hakuna kilichobadilika.

Mheshimiwa, hoja hizi tuliziandika barua. Tunayo nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Jibu hatuna. Tukaandika ya pili, nayo ina muhuri wake. Mgeni mmoja aliyewahi kusimama hapo ulipokaa alituahidi kwamba wataalamu wangekuja kupima bomba "Jumatatu asubuhi". Tulipiga makofi, kina mama wakampigia vigelegele. Jumatatu hiyo wazee walikaa langoni na viti vyao mpaka saa nane mchana. Mgeni mwingine alisema tutaitwa kwenye kikao cha kukagua maombi ili tusikilizwe. Hatukuitwa. Hatusemi haya kukulaumu wewe, kwa sababu hukuwa kwenye kiti hicho. Tunayasema ili uelewe kwa nini safari hii hatuombi ahadi.

Tunachoogopa zaidi ni kimya. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019, Kifungu cha 58, inasema kwamba aliyeomba kibali cha ujenzi akikaa siku 60 bila kupewa jibu la maandishi, itachukuliwa kwamba amekubaliwa. Tunaelewa nia ya sheria hiyo. Ilitaka mwananchi asizungushwe na maofisa kwa miaka. Lakini kwetu sisi majirani maana yake ni kwamba faili ikilala kabatini, ghorofa nane zinasimama. Hakuna anayelazimika kutia sahihi yake wala kutoa sababu, na kesho hatutakuwa na mtu wa kumwuliza. Tena siku hizo zinahesabiwa tangu ombi lilipofikishwa ofisini, wala si tangu mama mboga alipokiona kibao. Hatujui zimebaki ngapi. Tumeuliza kaunta, tukaambiwa turudi.

Sheria hiyo hiyo inampa asiyeridhika siku 14 za kukata rufaa mbele ya kamati ya kaunti inayosikiza malalamiko ya mipango, na baada ya hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ni haki nzuri. Ila tunakuuliza kwa unyenyekevu: uamuzi uliopitishwa na kimya tutajua umefanyika lini, ili tuhesabu siku 14 zetu? Tutajua siku tutakapoona tingatinga. Na tukisema mjenzi ataogopa adhabu, faini ya kujenga bila kibali haizidi shilingi 500,000 au kifungo kisichozidi miezi miwili. Kwa mwenye uwezo wa kuinua ghorofa nane, faini hiyo ataiingiza kwenye gharama za saruji.

Wako wanaotuambia tunatia chumvi. Tunawakumbusha mtaa wa Huruma, hapa hapa Nairobi. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita lilianguka likaua zaidi ya watu 40. Jengo hilo lilikuwa tayari limewekwa alama kwamba libomolewe. Waliokuwa na wajibu walikuwa wanajua, na wapangaji waliendelea kulala ndani. Hatulinganishi ploti ya hapa na ile ya Huruma, iliyokuwa kando ya mto. Tunachosema ni kwamba jambo linaweza kujulikana ofisini na watu wakaendelea kuumia mtaani kwa sababu hakuna aliyeinuka kitini.

Kwa hivyo ombi letu kwako ni moja, na yote mengine yako ndani yake. Tunaomba maombi haya mawili yajibiwe kwa maandishi kabla siku 60 kuisha. Yajibiwe hata kama jibu lenyewe hatutalipenda. Mkiona fleti zijengwe, tuambieni kwa sababu zipi, ghorofa ngapi, na bomba litapanuliwa na nani, kabla jiwe la kwanza halijawekwa. Mkiona zipunguzwe hadi ghorofa nne, sisi tutakuwa wa kwanza kumpokea jirani mpya. Mkikataa, mwenye ploti naye ana haki ya kujua kwa nini na kwenda kwenye rufaa. Na kabla ya kuandika jibu hilo, kikao kimoja cha ukaguzi kifanyike hapa mtaani, awepo mhandisi wa maji taka, awepo mchungaji, awepo mwenye ploti mwenyewe na si mlinzi wake. Ukumbi tunao, viti tunavyo, chai tutapika. Ushirikishwaji wa umma umetajwa kwenye Kifungu cha 10 cha Katiba, nasi ndio umma wenyewe, tunaishi ukuta kwa ukuta na ploti hiyo.

Tulikuwa na maombi mengine: taa za barabara ya nyuma, jezi za vijana, mizinga ya maji kwa siku za mgao. Kamati ilikubaliana usiku wa kuamkia jana tuyatoe yote kwenye risala hii, ili ukitoka hapa uwe umebeba ombi moja tu.

Mheshimiwa, risala hii imechapwa nakala mbili. Moja ni yako, pamoja na picha za manholi, nakala za barua zetu mbili na majina ya wakazi waliotia sahihi. Ya pili itabaki kwenye faili ya chama. Kwa heshima yote, tunakuomba utie sahihi na tarehe ya leo kwenye hiyo ya pili kuonyesha kwamba umeipokea, na uandike chini yake jina la ofisa wako atakayetupa namba ya faili na tarehe zilipopokelewa ramani hizo. Kalamu anayo Mweka Hazina, ameketi kushoto kwako. Chakula kitapakuliwa baada ya hapo.

Ni sisi watiifu,

Katibu, kwa niaba ya Kamati ya Wakazi
Buruburu, Nairobi