Flink juu ya YARN: someni kabla ya kesho

Habari za jioni wanakikundi. Kesho tunaendesha Flink (programu ya kuchakata data inayotiririka) juu ya YARN (kigawa rasilimali cha Hadoop, mfumo wa kuchakata data kwenye mashine nyingi). Anzeni na `export HADOOP_CLASSPATH=$(hadoop classpath)`; bila hiyo Flink haizioni maktaba za Hadoop na inagoma palepale. Kisha `./bin/yarn-session.sh -d`, inayowasha Flink kwenye YARN huku ikiendelea nyuma ya pazia.

Kumbukumbu (memory) ndiyo inayosumbua wengi. Mkiacha `taskmanager.memory.process.size` (kumbukumbu ya TaskManager, mchakato unaotekeleza kazi za Flink) kwenye 1728m, YARN huipandisha hadi MB 2048, maana kwa kawaida hugawa kwa vipande vya 1024. Andikeni 2048m wenyewe, MB 320 zisipotee bure.

Kazi ikiganda kwenye ACCEPTED (imepokelewa na YARN lakini haijaanza) ilhali mashine zina nafasi, angalieni `yarn.scheduler.capacity.maximum-am-resource-percent`, yaani sehemu ya rasilimali wanayoruhusiwa wasimamizi wa kazi (Application Master). Chaguo-msingi ni 0.1 tu, kwenye klasta (kundi la mashine) ndogo kama yetu haitoshi.

Kuzima kazi: `./bin/flink stop --savepointPath` ikifuatiwa na njia ya HDFS (hifadhi ya faili ya Hadoop) ya kuwekea savepoint, nakala ya hali ya kazi, na namba ya kazi. Tafadhali, si `yarn application -kill`. Hiyo haihifadhi hali ya kazi kabla ya kuua.