Mama mdogo, Istanbul yako inaishia Laleli

Mama mdogo, shikamoo.

Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu “kule Istanbul…” unanikatiza kuuliza kargo wamepima kilo ngapi. Na wenzako wa Kariakoo mnaopanda nao ndege wasome pia, maana ugonjwa wenu ni mmoja.

Miaka kumi na moja unafuata mzigo Uturuki. Kila ukirudi tunakuuliza mji ukoje, jibu ni lile lile: “Baridi, vilima, na chai kwenye vigilasi vya kuchezea.” Kwa hiyo goti lilipokusumbua mwezi wa pili ukanituma mimi, niliondoka nikijua kabisa hakuna cha kuona. Nikafikia hoteli yako ile ile, mtaa ule ule wa Laleli wenye mabango ya Kirusi madukani, nikanunua blauzi kwa seri, ukitaka saizi moja huipati, unabeba zote nne. Siku tatu nzima nilikuwa mtu wa orodha yako. Siku ya nne mtu wa kargo akaniambia mzigo haufungwi mpaka kesho kutwa. Nikatoka kutembea ili nisimtukane.

Sikuwa na mpango wowote. Nilifuata tu reli za tramu.

Unaikumbuka picha yako iliyoko sebuleni, umesimama na mabegi kituo cha Çemberlitaş, nyuma yako nguzo nyeusi yenye pete za chuma? Tumeitazama miaka yote tukidhani ni mnara wa umeme wa zamani. Mama mdogo, nguzo ile ni ya Konstantino, Kaisari wa Roma. Aliisimamisha alipouzindua mji huu kuwa makao yake, mwaka 330. Juu kabisa palikuwa na sanamu yake mwenyewe, mpaka upepo ulipoiangusha mwaka 1106. Ule weusi umetokana na moto ulioteketeza mtaa mwaka 1779, na pete zimefungwa ili isipasuke. Hata jina la kituo ndiyo maana yake, jiwe lenye pete. Na wewe kwenye picha unatazama upande wa pili, unamtafuta dalali.

Kituo kinachofuata, cha tatu tu ukihesabu kutoka Laleli, ni Sultanahmet. Hapo ndipo ilipo Aya Sofya.

Ilijengwa kwa miaka mitano na kukamilika mwaka 537, ikiwa kanisa. Kuba la kwanza lilianguka mwaka 558, baada ya matetemeko ya ardhi. Wakalijenga upya, safari hii wakaliinua zaidi. Mwaka 1453 Sultani Mehmed wa Pili akauteka mji, ikawa msikiti. Mwaka 1934 serikali ya Atatürk, rais wa kwanza wa Uturuki, ikaamua iwe makumbusho, na mwaka 2020 ikarudi kuwa msikiti. Kwa hiyo, wewe unayelalamika kila kitu cha watalii ni ghali, sikiliza: anayeingia kuswali halipi hata senti. Ushungi unao, viatu unavua, unapita.

Nilifika wakati wa Alasiri. Kitu cha kwanza kilichonishika hakikuwa kuba, kilikuwa zulia. Mistari ya safu imekaa mshazari. Kanisa lilielekezwa upande wake, kibla nacho kiko kulia kidogo, basi mihrabu, pale anaposimama imamu, ikawekwa upande na safu zote zikaifuata. Unasimama kuswali umepishana na kuta za jengo, kama mtu aliyepanga vitanda kwenye chumba cha kupanga ambacho hakukijenga yeye. Nilipotoa salamu ndipo nikainua uso. Kuba lina upana wa mita 31 hivi na madirisha 40 yamelizunguka shingoni. Jua likipita humo huoni kabisa kuba limekalia nini. Nilibaki nimekaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Kesho yake nikarudi kupanda ghorofani. Huko ni mlango wa watalii, na mlango huo ni Euro 25, kama elfu sabini za kwetu. Nilisimama kwenye foleni nikizigeuza ziwe blauzi, nikatoka kwenye foleni, nikarudi. Juu kule, kwenye ukingo wa marumaru, kuna maandishi ya kukwaruza kwa herufi za Waviking. Linalosomeka ni jina tu, Halfdan. Mengine yamelika. Mtu katoka kaskazini huko ya Ulaya, kaingia kwenye jengo kubwa kuliko yote aliyowahi kuliona, na alichofikiria ni kuchora jina lake, sawasawa na wanetu na siti za daladala! Nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama. Hatua chache mbele kuna picha ya Yesu ya vijiwe vidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Sehemu ya chini imebanduka yote, ukuta mtupu, lakini uso umebaki mzima na unakutazama.

Kuna na birika la chini ya ardhi hapo jirani, nguzo 336 ndani ya giza na maji. Zuri, ila foleni yake ni ndefu na goti lako halitaki ngazi. Lile soko kubwa la paa unalijua na unalichukia kwa bei zake, sikupingi.

Naomba jioni moja tu. Safari ijayo, ukishalipa madukani na kabla hujaanza kukanyaga mabegi yafunge, panda tramu vituo vitatu, ukaswali Alasiri pale. Nitakuwa kwenye simu nikuelekeze mlango.

Halafu kuna hili la daftari. Pale nilipoandika “usafiri wa ndani, Euro 25,” sasa unajua ulikuwa usafiri gani. Nitakurudishia mwisho wa mwezi. Ila zile blauzi za bluu zilizopungua pisi mbili, hizo wallahi sizijui.