YAH: Hitilafu ya kiini cha mfumo endeshi wenu na tiketi yangu ya msaada iliyofungwa mara mbili

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Nawaandikia nikiwa mteja mwenye mkataba wa huduma nanyi, baada ya wiki saba za kuambiwa kwamba kosa ni langu. Ushahidi wa kinyume chake nimeuambatisha.

Tangu tuweke sasisho lenu la mwisho la kiini (kernel, sehemu ya msingi ya mfumo endeshi), programu yetu ya kuchakata picha imekuwa ikijifunga ghafla. Seva moja inaanguka alfajiri, nyingine inakaa siku mbili salama, kisha zinafuatana. Kila ripoti inataja mahali tofauti kwenye msimbo. Mkaniambia niweke programu upya, nikaweka. Mkaniambia nipime memori. Nikapima usiku kucha, seva zote nne zikatoka safi. Mkafunga tiketi: "Tatizo la programu ya mteja." Nikaifungua tena, mkaifunga tena kwa maneno yaleyale.

Kusema kweli, hata mimi niliwaamini kwa muda. Nani huanza kwa kukishuku kiini? Kilichonizindua ni kwamba data iliyoharibika ilikuwa na upana uleule kila mara, baiti 32, sawasawa na rejista moja ya vekta ya prosesa zetu, yaani nafasi ndogo ndani ya prosesa inayoshikilia data inayochakatwa. Nikaandika programu fupi isiyofanya lolote ila kujaza rejista hizo thamani ninazozijua na kuzikagua bila kukoma, huku uzi mwingine (mkondo wa pili wa kazi ndani ya programu hiyohiyo) ukiipelekea ishara, yaani taarifa za kuikatiza, mfululizo. Kwenye kiini kipya thamani zinabadilika ndani ya dakika mbili. Kwenye kiini cha zamani, mashine ileile, siku tatu zimepita bila kosa hata moja.

Kiini kinapoikatiza programu ili kiipelekee ishara, kinapaswa kuhifadhi rejista zote na kuzirudisha kama kilivyozikuta. Chenu hakizirudishi zote. Programu inaendelea na data ya uongo bila kujua, inakuja kujikwaa mbali kabisa na pale ilipoumizwa. Na hizo zinazojikwaa ni afadhali. Tumekuta picha zilizohifadhiwa zikiwa zimeharibika bila programu kuanguka wala logi kuandika neno, na sijui ngapi tayari zimefika kwa wateja wetu.

Wahandisi wenu hawakupaswa kuona jambo hili kuwa haliwezekani. Kiini cha Linux toleo la 5.2, la mwaka 2019, kilikuwa na hitilafu ya aina hii kilipojengwa kwa GCC 9, programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine. Programu za lugha ya Go zilianguka ovyo hadi marekebisho yalipotoka katika 5.3.15 na 5.4.2. Ilikuwa hadharani.

Naomba tiketi ifunguliwe na ipewe mhandisi wa kiini, aiendeshe programu yangu ya majaribio kabla ya kunijibu. Naomba pia wateja wote wa toleo hili waarifiwe sasa, kabla kiraka (sasisho la kurekebisha kosa) hakijawa tayari, maana wengine wanahifadhi data mbovu na hawana habari. Ada ya huduma ya wiki hizi saba irudishwe.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Kwa sasa seva zetu zimerudi kwenye kiini cha zamani, kilekile ambacho mmeshaacha kukitolea viraka vya usalama.

Wenu,
Msimamizi wa seva