Sharti la kulinda watoto kumbini liwe la kukagulika

Ndugu Mhariri,

Leseni nyingi za baa, klabu na kumbi za burudani hubeba sentensi moja tu kuhusu watoto: mwenye leseni atahakikisha usalama wao wakati wote. Sisi tunaoshughulika na ulinzi na ukaguzi wa kumbi tunaiona sentensi hiyo haina kazi. Mkaguzi akiingia saa mbili usiku, akague nini? Tunaziomba mamlaka za leseni ziandike nani asimame wapi, kuanzia saa ngapi, na mlango upi uwe wazi.

Tuanze kaunta, maana huko ndiko wengi hutazama. Pale ambapo umri wa kisheria ni miaka 18, kosa la kila siku ni la hesabu. Mhudumu anatoa mwaka wa kuzaliwa kwenye mwaka uliopo, anapata 18, anamimina. Aliyezaliwa Desemba atakuwa bado na miaka 17 karibu mwaka huo wote. Dawa yake ni kibao nyuma ya kaunta chenye tarehe moja, yaani leo kasoro miaka 18, kinachobadilishwa kila siku kabla ya kufungua. Aliyezaliwa baada ya hapo hauziwi. Kitambulisho nacho kitolewe kwenye pochi kishikwe mkononi, kwa sababu picha iliyobandikwa juu ya nyingine kidole huigundua kabla ya jicho. Uingereza baa nyingi humdai kitambulisho yeyote anayeonekana hajafika miaka 25, ingawa umri wa kuuziwa ni 18. Huo si ukali wa bure: katika mwanga hafifu, na vipodozi usoni, jicho hukosea kwa miaka kadhaa.

Kila anayekataliwa aandikwe daftarini: tarehe, saa, alichoagiza, sababu, jina la mhudumu. Daftari tupu mwezi mzima, kwenye ukumbi unaofurika vijana, linasema hakuna aliyeulizwa. Na lile lililojaa kurasa nne kwa mwandiko mmoja na kalamu moja limejazwa jana, baada ya habari za ukaguzi kuvuja.

Hata hivyo mara nyingi mtoto hafiki kaunta kabisa. Mtu mzima huagiza glasi tatu akazipeleka kwenye meza yenye mtu mzima mmoja, yeye mwenyewe. Baunsa wa mlangoni hawezi kuliona hilo. Anayeliona ni mkusanya glasi, na ajabu ni kwamba hakuna anayempa jukumu hilo wala mtu wa kumripotia. Siku za familia soda ziuzwe katika vikombe vya rangi ya pekee, visivyotumika kwa pombe.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yetu, iko mbali na pombe. Tarehe 16 Juni 1883, katika ukumbi wa Victoria mjini Sunderland, Uingereza, watoto 183 walikufa bila moto wala moshi. Mwishoni mwa onyesho ilitangazwa kwamba zawadi zinagawiwa. Waliokuwa roshani wakakimbilia ngazi wasikose. Chini walikuta mlango uliofunguka kuelekea ndani, umetiwa komeo na kuachiwa upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja. Wa nyuma hawakujua kwamba wa mbele wamekwama. Huko Paisley, Uskoti, tarehe 31 Desemba 1929, moshi wa mkanda wa filamu ulizua taharuki katika sinema ya Glen. Watoto wakakimbilia mlango uliozuiwa na geti lililofungwa, na 71 wakafa.

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1933 iliagiza onyesho la watoto zaidi ya 100 liwe na wasimamizi wazima “wa kutosha”. Wa kutosha ni wangapi? Sisi tungeandika hivi: mmoja juu ya kila ngazi, mmoja chini yake, mmoja kila mlango wa kutokea, wote wakitazama watoto badala ya jukwaa, na asiwepo kati yao anayekata tiketi. Zawadi wapelekewe watoto walipoketi. Milango ya dharura ifunguke kuelekea nje, kwa kusukumwa, bila ufunguo, na ijaribiwe saa moja kabla ya onyesho. Mnyororo unaofungwa mlangoni kuzuia wanaojipenyeza bila tiketi ndio tunaoukuta mara kwa mara.

Kumbi zinazobadilika jioni, mchana disko la watoto na usiku klabu, ziwe na nusu saa tupu katikati. Bila nafasi hiyo makundi mawili hupishana mlango mmoja, na mtoto akibaki chooni hakuna anayejua. Vyoo na vyumba vya kuvalia vikaguliwe na watu wawili kabla ya watu wazima kuingia. Muziki pia upunguzwe: desibeli 100, wastani wa dakika 15, ndicho kikomo ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 2022 kwa kumbi za burudani, na disko la watoto libaki chini ya hapo.

Mtoto akipotea, jina lake na nguo zake visitangazwe kwenye kipaza sauti, maana yeyote mwenye nia mbaya ataweza kumwita kwa jina. Itangazwe tu kwamba mzazi anayemtafuta mwanawe afike kwa msimamizi. Mzazi huyo ndiye aulizwe jina, umri na mavazi ya mtoto. Walinzi wa milango ya kutokea waarifiwe kwa redio wasimruhusu mtoto wa sifa hizo kutoka. Akipatikana, akae na wahudumu wawili mahali panapoonekana na wengi, na asikabidhiwe kwa kuitwa “mwanangu” tu: namba ya simu ya mzazi, iliyoandikwa ndani ya bangili ya utambulisho ya mtoto, ipigwe, na simu ya huyo anayedai ilie palepale.

Ni sisi,
Wasimamizi wa usalama wa kumbi