Kwa ndugu yangu wa Kigumba: wewe bado ni wa Adagala

Ndugu yangu,

Mirembe. Ninakuandikia mbele ya watu kwa kuwa maneno uliyorushiwa kwenye matanga ya shangazi yalisemwa mbele ya watu. Programu ya mazishi ilipogawiwa, jina lako lilikuwa pamoja na ya watoto wengine wa nyumba yetu ya Wamaragoli, watu wa Adagala: Byaruhanga, jina la Kinyoro la huko Uganda. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, huyu Mnyoro ameingiaje kwa watu wa Adagala? Wengine wakacheka. Wewe ulinyamaza, na alfajiri ukashika gari la Busia. Tangu hapo simu zako zimekuwa fupi.

Babu zetu walikuwa mtu na mdogo wake, tumbo moja. Miaka ya 1950 shamba lilikuwa limeshabana. Leo Vihiga, kaunti yetu hapa Kenya, ina watu zaidi ya 1,000 kwa kila kilomita ya mraba, kwa hiyo hebu fikiria ni wangapi walianza kuhesabu mistari ya migomba tangu wakati ule. Mdogo akasikia kwamba Bunyoro kuna ardhi na mahindi yanakubali, akavuka na mkewe hadi Kigumba. Aliyebaki akalima na kipande cha aliyeondoka. Hili nataka nyumba nzima ilisikie: sisi wa huku tumekula kwa sababu ninyi mliondoka.

Mwaka 1970 serikali ya Obote huko Uganda ilipowafukuza wafanyakazi kutoka Kenya, maelfu walirudi, wengi wao Wajaluo na Waluhya. Babu yako hakurudi. Angerudi wapi, na kipande chake tulikuwa tumeshakipanda chai?

Sasa tuje kwenye kitambulisho, maana hapo ndipo wanapokuhukumu bila kujua. Katiba ya Uganda ya 1995 inamtambua kuwa raia kwa kuzaliwa mtu ambaye mzazi au babu yake ni wa jamii zilizokuwa ndani ya mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926, na jamii hizo zimetajwa moja moja. Wasamia wamo, Wagisu wamo, Wanyole wamo. Wamaragoli hawakuwekwa. Lakini baba yao babu zetu alizaliwa kabla reli haijafika Kisumu mwaka 1901, na wakati ule Kisumu na Maragoli yote ilihesabiwa kuwa Uganda. Mpaka ulisogezwa tarehe 1 Aprili 1902. Mzee huyo hakuhama hata hatua moja, nchi ndiyo iliyohama. Halafu mjukuu wake, aliyezaliwa Kigumba, akaambiwa yeye ni mgeni.

Usajili ulipoanza mwaka 2014 ulipanga foleni na vyeti vyako vya shule na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Ulipoulizwa kabila ukasema Mmaragoli, makaratasi yakarudishwa upande wako wa meza. Ulikuwa na watoto wa kusomesha na shamba lisilo na hati. Jirani yenu, mzee aliyekuona ukikua, ndiye aliyekuambia, "Chukua jina letu." Hukuliiba, wala hukulinunua. Ulipewa na mtu aliyekujua.

Na kabla ya ofisi kuuliza lolote, Wanyoro walikuwa wameshakupa empaako, lile jina la heshima na upendo wanaloitana wakisalimiana. Kijiji kizima kinakuita Araali. Nilipokuja kuwatembelea mimi pia walinipa yangu, Amooti, hata chai haijamiminwa, kwa sababu kwao kumsalimu mtu bila empaako ni kama kumpita. Desturi hiyo UNESCO iliiweka mwaka 2013 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Watu wa namna hiyo siwezi kukaa kimya wakitajwa kama tusi kwenye matanga yetu.

Yule mzee ajiulize pia Adagala alitoka wapi. Kwa desturi yetu mtoto hurithi jina la mtu aliyetangulia, kila mtoto na lake. Kilichofanya jina la mtu mmoja litufunike sote ni karatasi: wamisionari waliofika Kaimosi mwaka 1902 na daftari zao za shule, kisha kipande, yaani kitambulisho cha kikoloni, chini ya sheria ya 1915 iliyoanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo kila mwanamume aliandikwa jina, akachukuliwa alama za vidole na kuvishwa kikasha shingoni. Karani alitaka jina la baba, akaandika Adagala, likabaki hapo. Kama jina la karani wa Mwingereza ni halali kwetu, la jirani aliyekuhurumia lina kosa gani?

Jambo moja tu nakuomba. Watoto wako wajue kwamba wao ni wa ukoo wa Kirima. Binti yako anasoma Kampala, na huko vijana wa kutoka Vihiga ni wengi. Akikutana na mmoja wakapendana, kitambulisho cha Byaruhanga hakitamwambia kijana kwamba huyu ni dada yake, na unajua kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Usiwafiche hadithi hii kwa kuogopa ofisi. Wasimulie nyumbani, jioni, wakiwa wote.

Tarehe 26 Desemba kuna tamasha la Wamaragoli pale Mbale ya Vihiga, na siku itakayofuata tutakaa nyumbani kuzungumza kuhusu kile kipande cha shamba cha babu yako. Baba amekubali na wajomba wameshaarifiwa. Njoo na watoto. Kabla ya hapo nitumie majina yao yote, ya kitambulisho, ya kikwetu, na empaako ya kila mmoja, maana ninaandika upya orodha ya familia, na yenu nataka niyaandike jinsi mnavyoitana.

Nduguyo wa Kisumu