Neno "bandia": barua kwa mwanangu anayeanza kazi ya sheria

Zuhura mwanangu,

Pokea salamu zangu na za babako. Tangu asikie umepata nafasi kwenye ofisi ya mawakili, na kwamba utawekwa upande wa kesi za miliki bunifu, yaani haki za wavumbuzi na wabunifu, babako hajanyamaza, ameshawaambia majirani wote hadi msikitini. Mimi nilinyamaza kwenye simu, ukaniuliza kama nimekasirika. La, mwanangu. Ulisema hataza ni mali kama shamba la babu kule Msambweni, na anayeigusa bila ruhusa ni mwizi. Neno hilo likanirudisha mbali, nikaona simu haitoshi.

Mtu akiangua nazi za babu, babu zimempungukia. Hataza si shamba. Ni ahadi ambayo serikali humpa mvumbuzi: ufichue ulichokigundua, na kwa miaka 20 hatatengeneza mwingine ila kwa idhini yako. Siipingi. Aliyekesha maabara ana haki ya kula jasho lake. Lakini nimeiona ahadi hiyo ikivuka mipaka yake, na nilikuwa nimevaa sare ya uuguzi.

Mwaka 2000 wewe ulikuwa unatambaa. Wodini tulikuwa na Panadol, Septrin, na glavu zikipatikana. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI zilikuwako duniani, ila kwa bei ya kampuni zenye hataza, mgonjwa mmoja alihitaji zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Khalati yako Mwanaisha alikuwa fundi cherehani. Nilimwogesha mwenyewe hadi siku ya mwisho, mwezi wa Agosti. Alikuwa na miaka 31.

Februari 2001, miezi sita baada ya kumzika, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba itawauzia Madaktari Wasio na Mipaka, shirika la misaada ya tiba, dawa tatu za kutosha mgonjwa mwaka mzima kwa dola 350. Haifiki dola moja kwa siku! Najua zilichukua miaka kufika kwetu. Hata hivyo miezi ile sita huihesabu mpaka leo, kwa sababu wenye hataza walikuwa wakituambia kwamba bei haiwezi kushuka.

Ilishukaje? Sheria ya India ya mwaka 1970 haikutoa hataza juu ya dawa yenyewe, ilitoa juu ya njia ya kuitengeneza tu. Ukipata njia nyingine, unatengeneza. Hali ilikuwa hivyo hadi 2005, India ilipolazimika kufuata mkataba wa Shirika la Biashara Duniani. Na hata huo uvumbuzi, uliza ni wa nani. AZT, dawa ya kwanza ya UKIMWI, iliundwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz, mtafiti aliyekuwa akitafuta tiba ya saratani kwa fedha za umma wa Marekani. Hataza ya kuitumia dhidi ya virusi ikaja kuwa ya kampuni.

Afrika Kusini ilipotunga sheria ya kuleta dawa nafuu, kampuni 39 ziliipeleka serikali mahakamani Pretoria. Ziliiondoa kesi Aprili 2001, baada ya dunia nzima kupiga kelele.

Nilidhani yamekwisha. Mwaka 2008 Bunge letu likapitisha sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Mimi niliifurahia, maana bandia naijua. Nimewahi kushika vidonge vya malaria vilivyovunjika mkononi kama chaki, na mtoto aliyevimeza bado ana homa. Anayetengeneza kitu kama kile anaua. Lakini kifungu cha 2 kilieleza bandia kwa maneno mapana mno: kutengeneza kitu bila idhini ya mwenye haki, iwe haki hiyo ni ya Kenya au ya kwingineko. Kwingineko, Zuhura! Maana yake dawa halali, yenye kiungo kilekile, iliyopimwa na kusajiliwa, ingeweza kuzuiwa bandarini Kilindini kwa sababu ya hataza ya nchi nyingine. Na wakati huo wagonjwa wangu karibu wote walikuwa hai kwa dawa hizo kutoka India. Walikuwa wakiniuliza, "Sista, hizi ni bandia?" Ningewajibu nini?

Watu watatu wanaoishi na virusi walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2009 kuipinga sheria hiyo. Tarehe 20 Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vifungu vya 2, 32 na 34 vinatishia haki yao ya uhai, utu na afya, na kwamba sheria ilikuwa imechanganya dawa zisizo na jina la kampuni na dawa bandia. Akaitaka serikali iviangalie upya. Nilisoma habari hiyo gazetini nikiwa zamu ya usiku, nikaikata, nikaibandika ukutani kwenye chumba cha dawa. Ilikaa hapo hadi nilipostaafu.

Sikuambii uache kazi. Mwaka 2001 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, wa sheria wakiwamo, walikibana chuo chao kilichokuwa na hataza ya d4T, dawa ya UKIMWI, hadi kampuni iliyoiuza ikakubali kutoizuia Afrika Kusini kupata iliyo nafuu. Walikuwa na umri kama wako. Ninalokuomba ni moja: faili ikiwekwa mezani pako, anza na kifungu cha tafsiri ya maneno. Pale ndipo kidonge cha mgonjwa hugeuzwa kuwa wizi, na hakuna anayepasoma.

Pamoja na barua hii nimetia daftari la mishono la khalati yako, tafadhali lisipotee. Fungua ukurasa wa Machi 2000. Chini ya vipimo vya gauni la harusi ya mtu ameandika bei ya dawa ya mwezi mmoja, kodi ya nyumba, na bei ya kuiuza cherehani yake. Amejumlisha, amefuta, amejumlisha tena, mara tatu. Lisome kabla ya Jumatatu.

Mamako